Rupia za Uluguru na Dalali Asiye na Mizani

Rupia ya Mjerumani ikionekana Matombo, Kiroka au Mgeta, huko Uluguru, dalali huipata habari kabla ya mwenyekiti wa kitongoji. Dalali ana tajiri wake. Tajiri yuko Dar es Salaam, au Dubai, au "huko nje" pasipotajwa jina, naye anatafuta mzigo wa mwaka maalumu wenye alama maalumu. Bei inayonong'onwa inatosha kumkosesha mtu usingizi: milioni kumi, milioni hamsini, na wengine hawaoni haya kutaja mia tano. Linalobaki ni jambo dogo tu, kupima. Mtaalamu atakuja, ila ana nauli yake, ana posho yake, na kifaa chake ni cha kukodi. Mwenye rupia anaambiwa atoe kishika uchumba mapema, tajiri asije akakimbilia kwa mwingine.

Kipimo chenyewe ni kichekesho. Punje za mchele humwagwa kwenye sahani, rupia ikasogezwa karibu, watu wakakodoa macho kuona kama mchele utavutwa. Mwingine huwasha tochi aone kama mwanga utafifia. Ikishindikana, husemwa mzigo "umepoa" na unahitaji dawa, nayo dawa ina bei yake. Utapeli wa sarafu zinazovuta mchele umewaliza watu wengi India. Ndugu yake wa karibu ni uzushi wa zebaki nyekundu uliozuka Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakagombania cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu wakiamini kwamba zimefichwa zebaki hiyo ndani. Afrika Mashariki nayo haikukosa fungu lake. Hakuna mkemia wala mkusanyaji sarafu popote duniani anayemlipa mtu kwa sababu rupia yake imesogeza punje ya mchele.

Kinachouma ni kwamba ndani ya uongo huo mna kitu cha kweli. Rupia ipo, ni ya madini ya fedha, ina soko halali, na wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuitazama sarafu kama hiyo, kuitaja kwa jina lake, kuipa daraja na kuitilia sahihi, bila wao kuinunua wala kuiuza. Milango yao iko Florida na California. Kutoka Mgeta hadi huko ni mbali, na katikati ya safari hiyo ndipo dalali alipotandika mkeka wake.

Chukua rupia ya kawaida kabisa, ile iliyoanza kupigwa chapa mwaka 1890. Upana wake ni milimita 30, uzito gramu 11.66, na asilimia 91.7 yake ni fedha halisi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya rupia ya India, ambayo pwani ilikuwa imeizoea kabla Mjerumani hajakanyaga. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm wa Pili, masharubu yamesimama, kichwani helmeti yenye tai. Upande wa pili kuna simba na mti, vimezungukwa na jina la kampuni ya Kijerumani, DOAG, iliyopewa nchi hii kama mtu anavyopewa duka aliendeshe. Kuanzia 1904 jina la kampuni likaondoka, rupia ikaacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100, na sarafu zikaanza kubeba herufi ndogo: A kwa zilizotoka Berlin, J kwa zilizotoka Hamburg.

Mpimaji wa kweli haanzi na mwaka. Anaanza na mizani. Gramu 11.66 zisipotimia, anajiuliza kama rupia imelika kwa kushikwashikwa, imekwanguliwa, au ni ya bati iliyopakwa maji ya fedha. Anaileta sumaku, kwa kuwa fedha haishikwi na sumaku. Anaipindua atazame ukingo: meno yamezunguka sawasawa, au kuna mshono mwembamba unaoonyesha kwamba kitu hiki kilimiminwa kwenye kalibu mahali fulani, hakikupigwa kwa mashine? Kisha anashika lenzi na kukagua zile sehemu zinazolika mwanzo, yaani shavu la Kaiser na manyoya ya tai. Mwisho anaigeuzageuza chini ya taa moja aone kama mng'ao wake ni wa kuzaliwa nao au umetengenezwa jikoni.

Hapo jikoni ndipo mali nyingi hupotea. Mtu akiipata sarafu ya babu imekuwa nyeusi, jambo la kwanza analofanya ni kuisugua kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae kama kijiko kipya. Anadhani ameipandisha bei. Kumbe ule weusi ulikuwa ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, na mikwaruzo ya majivu haitoki tena. Kampuni za kupima zikiipokea sarafu ya namna hiyo huandika kwamba ni halali lakini imesafishwa, na namba ya daraja haipati. Kama somo la sarafu za zamani lingetakiwa kufundishwa kwa neno moja vijijini, lingekuwa hili: usisugue.

Kuhusu bei, hesabu ya chini kabisa haihitaji mganga. Rupia moja ina takriban gramu 10.7 za fedha halisi, yaani karibu theluthi moja ya aunsi, na bei ya aunsi inatangazwa kila siku. Rupia chakavu ya mwaka wa kawaida haiachani sana na bei hiyo. Pesa za shaba za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu, zilipigwa kwa mamilioni, na mkusanyaji wa kawaida anazo za kutosha. Rupia mbili za 1893 na 1894 ni habari nyingine, kwa kuwa zilikuwa chache tangu mwanzo. Na ipo moja inayozipita zote, nayo historia yake inapita Morogoro.

Agosti 1914, vita vilipoanza, Gavana Heinrich Schnee aliona Dar es Salaam iko uchi mbele ya mizinga ya manowari za Uingereza. Akahamisha makao ya serikali yake akayaleta Morogoro, mji uliokuwa na reli tangu 1907 na ukuta wa milima ya Uluguru mgongoni. Bahari ikazibwa. Sarafu mpya hazikuja tena kutoka Berlin wala Hamburg, huku askari na wapagazi wakitaka malipo yao na wenye mazao wakikataa karatasi. Hivyo mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli Tabora, Wajerumani wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe. Sarafu za heller 5 na heller 20 zilitengenezwa kwa metali ya kuokoteza, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, na zina herufi T ya Tabora. Za heller 5 zilipita laki tatu. Za heller 20 zilipita milioni, ndiyo maana hadi leo zinaokotwa.

Dhahabu ilitoka Sekenke, kule Iramba. Ikapigwa rupia 15: tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, uzito gramu 7 na ushee, robo tatu ya uzito huo dhahabu halisi. Idadi yake inajulikana, nayo ni 16,198 tu, katika aina mbili zinazotofautiana kwa pambo dogo linaloishia chini ya herufi A au herufi T ya neno OSTAFRIKA. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma wakizunguka Uluguru pande zote mbili kuelekea Kisaki. Tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaichukua Tabora, na karakana ikanyamaza.

Haishangazi basi kwamba milima hii imejaa hadithi za mali iliyofukiwa. Nyingine hazina kichwa wala miguu, ila si zote. Mapema mwaka 1916 misheni ya Wuga, Usambara, ilichapisha stempu za dharura. Kabla hazijaanza kutumika, meli Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga ghuba ya Sudi mwezi Machi ikiwa na stempu kutoka Ujerumani, zile za Wuga zikawa hazina kazi, zikafukiwa zisiangukie mikononi mwa adui. Maandiko ya wakusanyaji stempu huitaja Morogoro kuwa ndiko zilikofukiwa. Baada ya vita zilifukuliwa, unyevu ukiwa umeshaziharibu nyingi, na leo hazinunuliwi bila cheti cha mtaalamu.

Tembo wa Tabora naye haendi mnadani bila cheti. Ameghushiwa mara nyingi, na kumpima kuna taabu yake: mashine ya karakana ilikuwa dhaifu, kwa hiyo hata sarafu iliyotoka siku hiyohiyo haikuwa na michoro iliyokaza. Asiyejua atasema imelika. Anayejua atasema ilizaliwa hivyo. Tofauti ya kauli hizo mbili mnadani ni dola nyingi, na ndiyo iliyoizaa biashara nzima ya kupima sarafu.

Biashara hiyo ilianza kwa namba za mtu mmoja. William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1949 kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, na humo akapendekeza ngazi ya 1 hadi 70. Msingi wake ulikuwa bei: senti mbovu kabisa ikiwa na thamani ya dola moja, iliyo bora kabisa iwe na thamani ya dola 70. Hesabu hiyo ya bei ilikufa zamani, namba zikabaki. Kuna kisa ambacho wapenda sarafu hawapendi kukisimulia mbele ya wageni. Baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977 ilibainika kwamba alikuwa ameziiba senti nzuri za American Numismatic Society, chama cha heshima cha New York, akaacha zake mbovu mahali pake, na shauri la kuzirudisha likafika mahakamani California. Aliyewapa watu kipimo ndiye aliyekuwa akichezea droo.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 muuzaji Marekani alijipimia mwenyewe. Alipouza, sarafu ilikuwa daraja 65. Alipoinunua tena kwa mteja yuleyule, ilikuwa imeshuka kimiujiza. Mwaka 1986 kundi la wafanyabiashara likaanzisha kampuni ya kupima, PCGS, na mwaka uliofuata ikaja NGC. Utaratibu ni huu: sarafu inatumwa, wapimaji zaidi ya mmoja wanaitazama bila kujua ni ya nani, inapewa namba, inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo, na kampuni inadhamini kauli yake kwa fedha. Wapimaji hawanunui, wala hawauzi. Huo ndio moyo wa jambo zima, na Morogoro haina sababu ya kuuona mgeni. Pale kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linatumia panya buku kunusa upya sampuli za makohozi ambazo zahanati zimesema hazina kifua kikuu. Panya hajui sampuli ni ya nani, na majibu hayamwongezei wala kumpunguzia ndugu. Akitilia shaka, maabara inathibitisha. Kila jicho la pili lisilo na maslahi ni faida kwa mgonjwa.

Hata hivyo, cheti kisifanywe msahafu. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana PCGS kwa kuwatangazia watu kwamba upimaji wake ni wa uhakika usioyumba, kampuni ikalazimika kukiri katika matangazo yake kwamba kazi hiyo ina maoni ya binadamu ndani yake. Watu huvunja makasha na kurudisha sarafu ileile mara mbili, mara tatu, wakitafuta siku mpimaji atakapoamka na roho nzuri. Mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, ambayo kazi yake ni kupima vipimo vya wale wa kwanza na kubandika kijilebo cha kijani. Mwaka 2008 yakaonekana makasha bandia ya PCGS, lebo na yote. Penye fedha hata ushahidi huigizwa.

Afrika ina somo lake la karibu zaidi. Mwaka 2008 Afrika Kusini ilitoa sarafu ya randi 5 kumwadhimisha Nelson Mandela alipotimiza miaka 90. Ilikuwa sarafu ya dukani, ya kununulia mkate, iliyotolewa kwa mamilioni. Wafanyabiashara wakazifungia kwenye makasha yenye namba za juu na kuwauzia watu wa kipato cha kawaida kwa maelfu ya randi kama akiba ya uzeeni. Vyeti havikudanganya: sarafu zilikuwa halali na namba zilikuwa sahihi. Bei ndiyo iliyokuwa hewa, na ilipopasuka wengi walibaki na plastiki. Cheti kinasema hiki ni nini na kiko katika hali gani. Hakisemi kama mnunuzi ana akili.

Tanzania yenyewe ina sarafu zilizozaliwa kwa ajili ya makasha. Mwaka 1974, katika mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori, ilitoa shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Mwaka 1986 ikafuata shilingi 2,000 ya dhahabu yenye chozi, yule ndege mdogo mwenye rangi ya kijani mgongoni anayeishi kwenye misitu ya Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa. Ndege huyo anaruka juu ya mashamba ya Waluguru kila asubuhi. Sarafu yake haikukusudiwa kununulia chumvi sokoni. Iliuzwa kwa wakusanyaji wa nje, na leo iko kwenye makasha ya Marekani na Ulaya ikiwa na namba za sitini na ushee. Jina la nchi limepimwa huko vizuri kabisa. Nyumbani, bibi mwenye rupia kwenye kibweta hana hata mtu wa kumwambia kwamba ile ya kwake si ya bati.

Je, jawabu ni kuileta NGC Morogoro? Hapana. Ada ya kupima sarafu moja, pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi na bima, inaweza kuizidi bei ya rupia chakavu mara kadhaa. Daraja la 55 au 58 linamhusu mwenye tembo wa Tabora, na huyo atatafuta nauli. Wengine wote wanahitaji kitu cha awali zaidi, yaani utambuzi: hii ni nini, ni ya mwaka gani, ni halali au ya kughushi, imeguswa au haijaguswa. Nusu ya utapeli wa rupia unakufa hapo hapo, kabla namba yoyote haijatajwa.

Utambuzi nao una mitego ambayo namba haiwezi kuitegua. Dola ya Maria Theresa, riali iliyotawala masoko ya Zanzibar na bara kwa miaka mingi, ina mwaka 1780 juu yake, lakini Vienna iliendelea kuipiga kwa mwaka uleule, na baadaye London, Roma, Bombay na Birmingham wakaipiga pia. Si ya bandia. Si ya 1780 pia. Mwenye nayo akiambiwa na dalali kwamba ana kitu cha miaka zaidi ya mia mbili, anahitaji mtu wa kumwonyesha alama ndogo zinazotofautisha toleo moja na jingine. Riali ya Sultani Barghash ya 1882, kwa upande wake, ni adimu kweli, na ndiyo sababu inaigwa.

Sarafu za kale za Kilwa zinaleta suala jingine, zito zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na miongoni mwake tano zilikuwa za shaba za Kilwa. Kwenye mnada shaba hizo zingeshindana kwa shida na rupia nzuri. Kinachowafanya wanahistoria wakose usingizi ni mahali zilipookotwa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kampuni ya kupima ingezipa jina, ingeandika zimelika, basi. Lebo yake haina nafasi ya kuandika zilitoka kwenye mchanga upi. Kwa Uluguru hilo si dogo. Sarafu tano za heller 20 zilizookotwa pamoja kwenye njia ya wapagazi kuelekea Kisaki zinaweza kueleza jambo kuhusu Septemba 1916 ambalo hakuna kitabu kilichoeleza. Zikishauzwa moja moja kwenye stendi ya Msamvu, hazielezi chochote tena.

Sheria nayo inachora mstari ambao wengi hawaujui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kuwa masalia ya kale kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu ya Kilwa iko ndani ya mstari huo, na haichimbwi wala kuuzwa kiholela. Rupia ya 1890 iko nje kwa umri wake. Dalali hupenda kuvichanganya hivi viwili: humtisha mwenye rupia kwamba akienda ofisini atanyang'anywa na kushtakiwa, hivyo afadhali wamalizane usiku. Hofu hiyo ndiyo mtaji wake mkubwa kuliko mchele.

Watu wa Matombo wanaelewa haya pengine kuliko watu wa mjini. Rubi na spineli zimekuwa zikitoka ardhini kwao kwa miongo mingi, nao wamejionea jinsi jiwe lilivyo na bei moja mkononi mwa mchimbaji na bei nyingine likishapata karatasi ya maabara kama GIA au Gübelin, inayosema ni la asili, limechomwa au halijachomwa. Karatasi hiyo haitaji bei. Tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini ambako mizani inasomwa mbele ya macho ya muuzaji na mnunuzi. Mizani ileile ya vito, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, inaweza kupima rupia kwa sekunde tatu.

Uingereza ilikwisha onyesha njia nyingine isiyo ya kibiashara. Tangu 1997 ina mpango unaosimamiwa na British Museum kwa upande wa England, ambapo maofisa waliosambazwa mikoani hupokea vitu vilivyookotwa mashambani, huvitambua bure, huvipiga picha, huandika vilipookotwa, na kwa kawaida humrudishia mwenyewe. Sarafu za Kirumi kwa maelfu zimepita mikononi mwao. Hawanunui chochote. Mkulima anaondoka na sarafu yake pamoja na jina lake la kweli, na nchi inabaki na kumbukumbu.

Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yanaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo, na Morogoro panafaa kuwa pa kuanzia. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Apewe mizani, kipimo cha upana, sumaku, lenzi na orodha ya sarafu za ukanda huu, kisha afundishwe kuzitumia. Sarafu yenye utata ipigwe picha pande zote mbili na ukingoni, itumwe makao makuu kwa jicho la pili. Fomu ieleze aina, mwaka, uzito, hali na mahali ilipopatikana. Sehemu ya bei isiwepo kabisa, kwa kuwa siku afisa atakapoanza kutaja bei ndiyo siku atakapopata shemeji mnunuzi.

Wapo watakaosema afisa naye ana njaa, na mhuri wa halmashauri huuzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana picha na vipimo viwekwe wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuvipitia, huku jina la mwenye sarafu likifichwa. Gramu 11.66 hazihongeki. Afisa akiandika kwamba bati ni fedha, picha na uzito vitamwumbua mbele ya kila mkusanyaji wa Nairobi, Muscat au Hamburg.

Pa kuanzia hapahitaji bajeti wala semina ya hotelini. Kila Agosti watu wa Kanda ya Mashariki hujazana viwanja vya Nane Nane Morogoro kutazama mbegu, ng'ombe na matrekta. Meza moja yenye mizani na lenzi, na tangazo kwamba hapa rupia hutambuliwa bure na hazinunuliwi, itapata foleni. Wengi wa watakaopanga foleni hiyo wataambiwa kwamba pesa yao ya shaba ya 1892 ni halali, imelika upande mmoja, na wenzake walipigwa kwa mamilioni. Wataondoka wamenuna, nauli ya mtaalamu wa mchele ikiwa bado mfukoni.